Nyimbo za Dansi Zisifukuzwe Darasani

Katika toleo lililopita la jarida letu hili ilichapwa orodha ya vifaa vya kusikiliza ambavyo kamati yetu ndogo inapendekeza vitumiwe na walimu wa Kiswahili katika shule za Uganda. Nimeisoma orodha hiyo mara tatu. Mna humo taarifa za habari, hotuba za viongozi, utenzi mmoja, na mazungumzo ya sokoni yaliyosomwa na watu wawili ambao, kwa jinsi wanavyotaja bei, yaelekea hawajapata kununua hata fungu la nyanya. Muziki wa dansi haumo. Na ili msomaji asidhani kwamba umesahauliwa, wenzetu wameongeza mstari mmoja chini ya orodha kueleza kuwa nyimbo za bendi zimeachwa kwa makusudi, kwa sababu lugha yake si sanifu na mambo yanayosemwa humo ni ya ulevini.

Mimi nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika kamati hiyo wamo watu walionishika mkono nilipokuwa sijui hata kuandika andalio la somo. Kwa heshima zote ninazowapa, nasema kwamba uamuzi huu ni kosa, wala si kosa dogo la kutiliwa alama ya wino mwekundu pembeni likapita. Ni kosa litakalotuacha pale pale Kiswahili kilipokwama katika nchi hii tangu utoto wangu.

Wenzetu wa Tanzania na wa pwani ya Kenya wanaosoma jarida hili huenda hawapajui mahali hapo, kwa hiyo nitapaeleza.

Nilizaliwa karibu na Tororo, si mbali na mpaka wa Malaba. Nilikuwa na umri wa miaka minane serikali ya Idi Amin ilipotoa amri, mwaka 1973, kuwa Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Amri ilitolewa, walimu hawakutolewa, wala vitabu. Kiswahili kilichofika kijijini kwetu kilifika kwa njia ya kizuizi cha barabarani. Kilikuwa na maneno kama thelathini hivi, na karibu yote yalikuwa vitenzi katika hali ya kuamrisha. Simama. Shuka. Lala chini. Fungua. Leta kitambulisho. Sikumbuki hata kimoja kilichotanguliwa na neno tafadhali.

Mwaka 1977 nilipanda basi pamoja na mama yangu kwenda Mbale. Alikuwa amepakata kikapu. Tuliposimamishwa, askari mmoja alinyosha kidole kwenye kikapu akamwuliza kuna nini humo. Mama akajibu kwa lugha ya nyumbani, maana hakuwa na nyingine. Askari akarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kama kwamba ukali ni kamusi. Mama akarudia jibu lake. Basi yule mtu akakichukua kikapu akakimimina barabarani ili aone mwenyewe. Yalikuwa mayai. Tuliporudi nyumbani jioni ile mama alimwuliza jirani aliyewahi kufanya kazi Nakuru jina la kitu kile kwa Kiswahili, akanikalisha akanifundisha. Kwa hiyo neno langu la kwanza la Kiswahili ni mayai, na nilifundishwa ili siku nyingine niliseme kabla sijaulizwa.

Mwaka 1979 Amin alipoangushwa, majeshi ya Tanzania yalifika hadi kwetu. Askari mmoja kijana alipita penye ua wetu akamwinamia bibi yangu akamwambia, "Shikamoo, mama." Bibi alikimbilia ndani. Alidhani ametukanwa, kwa kuwa hakuwa amepata kusikia neno la lugha hiyo linalosemwa kwa sauti ya chini. Tulicheka kwa miaka mingi. Lakini mchezo huo haukudumu, kwani baada ya muda mfupi ikaja serikali nyingine na askari wengine, na watu wa Kampala na vitongoji vyake wakajifunza maneno mawili ambayo mpaka leo hayahitaji kutafsiriwa kwa Mganda yeyote wa rika langu: panda gari. Aliyeambiwa apande gari hakujua atashushiwa wapi, wala kama atashushwa.

Hii ndiyo sarufi tuliyorithi. Ndiyo sababu hata baada ya Katiba kurekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kufanywa lugha rasmi ya pili, na hata baada ya Baraza la Mawaziri kuamua Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, bado mzazi hutujia ofisini akatuuliza kwa nini tunamfundisha bintiye lugha ya wezi na askari. Wenzangu wa kamati hujibu kwa kumtajia idadi ya wasemaji, Umoja wa Afrika, na siku ya 7 Julai iliyotengwa na UNESCO kuwa siku ya Kiswahili duniani. Yote hayo ni kweli. Lakini mzazi huyo hakuja kuuliza idadi ya wasemaji. Yeye anakumbuka sauti, na aliyejeruhiwa na sauti hatibiwi kwa takwimu.

Mimi nilitibiwa na bendi. Nalisema hili bila ya haya, ingawa najua baadhi ya wasomaji watatabasamu.

Katika nyumba yetu palikuwa na redio ndogo ya betri, na kwa kuwa tuko mpakani tuliipata Sauti ya Kenya kuliko tulivyoipata ya kwetu. Huko ndiko nilikosikia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wimbo wa Sina Makosa. Sikujua ni akina nani wanaoimba. Nilijua jambo moja tu, kwamba mtu yule alikuwa akisema Kiswahili naye hakuwa akimwamrisha mtu. Alikuwa akijieleza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa, tena mpole, mwenye hoja. Na magitaa yalikuwa yakimpa muda wa kufikiri.

Baadaye nilikuja kuijua nasaba yao. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopata kupiga katika Jamhuri Jazz ya mji huo, waliunda Simba Wanyika mjini Mombasa mwaka 1971, kisha wakahamia Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga, miongoni mwao Omar Shabani mpiga ridhimu na Tom Malanga wa besi. Wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akaja kupiga gitaa la solo na kuimba. Issa Juma naye alipita humo kisha akajitenga na kundi lake, Super Wanyika Stars. (Jina la Les Wanyika lenyewe ni kituko kwa mwalimu wa lugha: neno la Kifaransa mbele ya watu wa nyika. Lakini huo ndio uliokuwa mtindo wa mjini, kuvaa kofia ya Kinshasa juu ya kanzu ya Tanga.) Msomaji na atazame tarehe hizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Katika miaka hiyo yote, wakati viongozi wetu walipokuwa hawaamkiani, Watanzania hawa walikuwa Nairobi wakiimba Kiswahili cha Tanga, na sauti yao ilivuka mpaka wa kwetu bila ya kuombwa kitambulisho.

Niliwaona kwa macho Desemba 1984, nilipokuwa na umri wa miaka 19. Mtoto wa mama yangu mkubwa alikuwa amepata kazi katika mji mmoja wa magharibi mwa Kenya, nami nilikwenda kwake nikisema ninatafuta nafasi ya shule. Jumamosi jioni akaniazima viatu vyake vya pili, vilivyonibana, akanipeleka ukumbini. Kiingilio kilikuwa shilingi ishirini, akanilipia yeye. Nilinunua soda moja nikainywa kwa saa nne.

Wasomaji waliozoea mambo hayo watanisamehe nikieleza kwa urefu. Sikuwa nimepata kukaa usiku katika umati wa watu bila ya kuogopa. Katika nchi yetu miaka ile, ikifika magharibi mtu alikuwa ndani, amezima taa, anasikiliza kama lori limepita au limesimama. Na hapa palikuwa na watu mamia, taa zinawaka, milango i wazi, hakuna anayehesabu vichwa. Nilikaa karibu na mlango hata hivyo. Kaka yangu alinicheka, kisha akaacha.

Bendi ilipoanza, gitaa la solo lilitangulia peke yake, taratibu, mfano wa mtu apigaye hodi penye nyumba asiyokuwa na hakika nayo. Ridhimu likaitikia. Nilishangaa kuona kwamba sauti ile ya ridhimu, ambayo katika redio yetu mbovu nilikuwa nikiidhani ni ya watu watatu, ilikuwa ya mkono mmoja tu. Kisha besi likaingia, nalo sikulisikia kwa masikio bali kwa viatu vile vya kuazima. Watu hawakukimbilia kucheza. Walisubiri maneno. Hilo ndilo ningependa kamati yetu ilijue: walisubiri maneno, na yalipokuja wakayaimba yote pamoja na mwimbaji, wanaume na wanawake, wahudumu waliobeba sinia, na wachuuzi wa karanga waliokuwa nje dirishani.

Kando yangu alikuwa amesimama mtu mmoja ambaye kifua chake na kichwa chake kilichonyolewa vilinirudishia hofu ya zamani. Nilimtambua kabla kaka yangu hajaninong'oneza kwamba ni askari wa pale mjini, yuko mapumzikoni. Nilitaka kuhama. Ilipopigwa Sina Makosa, mtu huyo alifumba macho akaimba kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mwimbaji alipokana kosa lake, naye akafungua viganja vyake viwili mbele ya watu, kama mshitakiwa. Sikuwa nimepata kumwona askari akijitetea kwa Kiswahili. Kwetu sisi ndio tuliokuwa tukijitetea, tena kwa lugha tusiyoijua.

(Kwa hakika sikupaswa kushangaa sana. Jeshi la Kenya lenyewe lilikuwa na bendi yake, Maroon Commandos, tangu mwaka 1970; na wanajeshi hao walitunga nyimbo zilizowaliza raia kwa sababu njema.)

Nimerefusha habari hii kwa kuwa ndiyo hoja yangu. Sasa nije kwa hoja za kamati.

Wasema kwanza kwamba lugha ya nyimbo hizi si sanifu. Nimechukua majina matatu tu ya nyimbo, bila ya kugusa beti zake, nami nitayaweka hapa mezani.

La kwanza ni Sikujua Utabadilika, wimbo wa Simba Wanyika. Mwalimu yeyote wa Uganda anajua kosa linalowashinda wanafunzi wetu kuliko yote. Wakitaka kusema maneno hayo, hufikiri kwa Kiingereza, na kwa kuwa Kiingereza hulazimisha kitenzi cha pili kirudi nyuma pamoja na cha kwanza, huandika "Sikujua kwamba ungebadilika." Huo -nge- nimeufuta kwa miaka thelathini. Nimeeleza kanuni ubaoni, nimechora mishale, nimetoa mazoezi. Wakiondoka darasani wanaurudia. Siku nilipowapa jina la wimbo huo wakaliimba, kosa lilipungua kwa namna ambayo ubao haukupata kunipa. Maneno mawili, nafsi mbili, nyakati mbili, wala hakuna kiunganishi cha ziada. Nani katika kamati atanipa mfano ulio sanifu zaidi ya huo?

La pili ni Shilingi Yaua, wa hao hao Simba Wanyika. Humo mna wakati wa -a-, ambao vitabu vyetu vya kiada huutaja katika ukurasa mmoja kisha vikausahau, na ambao mwanafunzi hukutana nao tena ghafla katika vichwa vya magazeti na katika mashairi. Mwanafunzi wangu mmoja alipoandikiwa jina hilo kwa kusikia, aliandika "shilingi ya ua," akanieleza kwamba ni fedha ya kununulia maua. Darasa zima lilicheka, na tukapata somo la dakika arobaini juu ya i na a kuungana kuwa ya. Sijapata somo kama hilo kutokana na hotuba ya waziri.

La tatu ndilo litakalowakera, nalo ni Kajituliza Kasuku, wa Les Wanyika. Najua wino mwekundu utakapogota. Kiambishi cha nafsi kiko wapi? Mbona mtunzi hakusema amejituliza, au akajituliza? Jibu ni kwamba mzee wa pwani akisema "kaja" au "kalala," hangoji kuambiwa na mwalimu wa Kampala kwamba amesahau kitu. Ndivyo watu wasemavyo katika miji ambako lugha hii ilizaliwa, na ndivyo washairi waliotangulia walivyoandika, wakiwamo hao tunaowafundisha kidato cha tano kwa unyenyekevu mkubwa. Tukilikuta umbo hilo katika utenzi twaliita lugha ya kishairi. Tukilikuta katika wimbo wa bendi twaliita Kiswahili kibovu. Basi huo si usanifu. Ni ubaguzi wa mavazi, kumwamkia mtu kwa kanzu yake na kumpita alipovaa suruali.

Sisemi kwamba nyimbo zote ni safi. Zimo zilizochanganya Kilingala na Kiswahili hata mwimbaji mwenyewe sidhani alijua ni wapi alipovuka. Zimo zenye upatanisho wa ngeli uliovunjika, na zimo za siku hizi ambazo maneno yake yamekuwa viungo vya mdundo tu, sawa na chumvi. Hizo sizipeleki darasani. Lakini je, vitabu vya kiada tumevichoma vyote kwa sababu baadhi yake vina makosa ya chapa? Kazi ya mwalimu ni kuchagua. Kamati haikuchagua, imefunga mlango ikaenda zake.

Hoja ya pili ni ya ulevini. Hapa naomba niulize: tangu lini tumekuwa na fasihi ya Kiswahili isiyotoka katika ugomvi, wivu, mapenzi na kejeli? Muyaka wa Mombasa, ambaye beti zake tunazikariri, hakuwa akitungia watoto wa shule ya Jumapili. Siti binti Saad aliimba Zanzibar mambo ya mtaani, ya mahakama na ya wanaume wadanganyifu, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Na ni nani aliyeandika wasifu wake? Ni Shaaban Robert, huyo huyo ambaye kamati yetu humtaja katika kila utangulizi. Mwandishi huyo, mzaliwa wa Tanga kama akina Kinyonga, aliona si aibu kutumia kalamu yake kwa maisha ya mwanamke mwimbaji. Sisi tulio wanafunzi wa wanafunzi wake tunaona aibu kwa niaba yake.

Tena hao wanaosema ulevini sina hakika kama wamesikiliza. Sina Makosa ni kesi. Mtu mmoja amemkasirikia mwenzake kwa ajili ya mwanamke. Mshitakiwa anajibu kwamba mwanamke huyo si wa yeyote kati yao, na kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani. Hoja yote imesimama juu ya vimilikishi. Mwalimu anayetafuta zoezi la -angu, -ako na -ake lenye damu ndani yake, na asitafute zaidi. Nimeutumia wimbo huo kwa mdahalo, kwa usemi wa taarifa, na kwa uandishi wa barua. Wala sikuutumia kama msahafu. Mwaka mmoja, nilipokuwa nikiusifu mno mbele ya darasa la wasichana, mmoja alinyosha mkono akaniuliza: "Mwalimu, na yule mwanamke anasema nini?" Nilinyamaza. Nilikuwa nimeupenda wimbo ule kwa miaka zaidi ya ishirini bila ya kujiuliza swali hilo. Wanaume wawili wanagombana, wake wawili wako nyumbani, na wa tatu ndiye sababu. Kati ya watano wanaohusika aliyesema ni mmoja tu, naye ni mwanamume. Wiki ile wasichana waliandika majibu. Wengine walimjibia yule mwanamke, wengine wakawajibia wake walioachwa nyumbani, na walioachwa nyumbani ndio waliokuwa na maneno makali zaidi. Zilikuwa insha bora nilizopata kusahihisha. Zimo ndani yake hali za masharti, za kukanusha, za kutamani, za kejeli. Hali zote za kitenzi isipokuwa ile moja tuliyofundishwa na kizuizi cha barabarani.

Kama wenzangu wanataka wimbo usio wa mapenzi, upo wa Sigalame, wa Issa Juma. Watu wanamtafuta rafiki yao aliyepotea machoni. Husemwa yuko Bungoma, husemwa anafanya biashara, wala hakuna ajuaye ni biashara gani. Sisi tunaokaa ng'ambo ya pili ya mpaka huo hatukuhitaji kufafanuliwa. Miaka ile kila kijiji cha kwetu kilikuwa na Sigalame wake, aliyeondoka na baiskeli akarudi na gari, au asirudi. Ikiwa hilo si somo la uchumi na la uraia, sijui somo ni lipi.

Hoja ya tatu, kwamba mtihani hauulizi nyimbo, sitaijibu kwa urefu. Mtihani hauulizi pia kama mwanafunzi anaipenda lugha, na ndiyo maana wengi hufaulu kisha hawaisemi tena maishani mwao.

Nilitaja mwanzoni kwamba uamuzi huu utatuacha tulipokwama. Nitatoa ushahidi mmoja, nami nitaficha jina la mahali.

Baada ya uamuzi wa mwaka 2022 niliitwa pamoja na wengine kuwafunza Kiswahili walimu wa shule za msingi wa wilaya moja ya kati, ambao walikuwa wameambiwa watakifundisha ilhali wao wenyewe hawakijui. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja aliyekaribia kustaafu, mtu wa upande wa Luweero. Siku ya kwanza hakufungua kinywa. Tuliwapa mazungumzo ya sokoni na taarifa ya habari iliyorekodiwa. Msomaji wa taarifa alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito. Baada ya dakika chache yule mama aliinuka akatoka nje. Nilimfuata. Alinieleza kwa Kiingereza, bila ya kulia na bila ya kukasirika, kwamba kila asikiapo mwanamume akisema lugha hii kwa sauti ya namna hiyo, yeye husikia na injini ya lori chini yake. Aliomba radhi. Mtu aliyefiwa na kaka zake wawili aliniomba mimi radhi kwa kutofuata somo langu.

Nilimwambia msimamizi wa mafunzo kwamba kesho yake ningependa kutumia wimbo. Alinikatalia, akinionyesha orodha iliyotangulia hii ya leo, ambayo nayo haikuwa na muziki. Basi nikautumia wakati wa chai. Nilikuwa nao ndani ya simu yangu. Niliuweka juu ya meza karibu na birika, nikaenda kumwaga chai yangu kama mtu asiye na neno. Waliokuwapo walianza kutingisha vichwa. Wawili watatu waliujua, kwa maana ulipigwa hata Kampala. Yule mama alisimama mbali na kikombe chake. Sitasema kwamba aliimba, kwa sababu hakuimba. Hakutoka nje tu. Alisikiliza hadi mwisho, akarudi darasani pamoja na wengine.

Siku ya tatu, wakati wa chai tena, alinijia. Akaniuliza neno moja alilolisikia mwanzoni mwa wimbo, neno la hasira, maana yake nini. Nikamweleza. Akaniuliza kama anayeimba ndiye mwenye hasira. Nikasema hapana, anayeimba ndiye anayeulizia, anataka kujua mwenzake amemkasirikia kwa nini. Alifikiri kwa muda, kisha akasema kwamba hakujua lugha hiyo inaweza kuuliza jambo kama hilo. Akaomba nimwandikie maneno yote apate kuyasoma nyumbani.

Kamati yetu itakutana tena kabla ya mkutano mkuu, na orodha bado haijapitishwa. Naomba ule mstari wa chini ufutwe, na kila mwalimu apewe ruhusa ya kuchagua nyimbo kwa akili yake, kama tunavyomwamini kuchagua mashairi. Yule mama nilimwandikia maneno kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari langu, nikajaza kurasa mbili. Kwa kuwa miongoni mwa vifaa vilivyoidhinishwa tulivyokabidhiwa, vya kilo kadhaa, hapakuwa na kitu ambacho angependa kwenda nacho nyumbani.